Vioo Mia Nne Juu ya Barafu

Mlingoti unaanguka kimya. Unapinda, unasita kidogo kama mzee anayetafuta pa kukaa, kisha unalala juu ya barafu na kamba zake zote. Picha hizo zilipigwa mwaka 1915, enzi ambazo filamu ilikuwa haijajua kusema. Mbao zinapasuka na masikio hayapati kitu. Macho peke yake ndiyo yanayofiwa.

Nilizitazama usiku mmoja wa Februari, nyumbani kwangu Dar es Salaam, upepo umekatika na joto limejaa sebuleni. Mtoto wa kaka yangu, msichana wa miaka tisa aliyekuja kulala kwangu, alikuwa ameniegemea begani. Alivutwa na mbwa wanaoonekana mwanzoni wakikokota sleji kwenye theluji. Mlingoti ulipoanguka alinyamaza, akafikiri, kisha akauliza, "Shangazi, huyu anayepiga picha amesimama wapi?"

"Juu ya barafu," nilimjibu.

"Na hiyo meli si ndiyo nyumba yake?"

Nilimwambia ndiyo, ilikuwa nyumba yake. Akanikazia macho kama mtu aliyeambiwa jambo lisilowezekana. Baada ya muda mfupi usingizi ulimchukua, nami nikabaki na swali lake. Tangu usiku ule nimesoma mengi juu ya meli ile na watu wake, na kila nilichosoma kimenirudisha palepale: nyumba yako inavunjika mbele ya macho yako, nawe umesimama. Unaokoa nini?

Meli hiyo iliitwa Endurance, yaani Ustahimilivu. Ilijengwa Sandefjord, nchini Norway, ikashushwa majini Desemba 1912 kwa jina la Polaris, Nyota ya Kaskazini. Ernest Shackleton alipoipata aliibadilisha jina kwa kufuata kaulimbiu ya ukoo wao, inayosema kwamba kwa kustahimili ndipo tunaposhinda. Alikusudia kulivuka bara la Antaktika kutoka bahari hadi bahari kupitia Ncha ya Kusini, jambo ambalo hakuna mtu aliyekuwa amelifanya. Meli iling'oa nanga Uingereza Agosti 1914, siku chache tu baada ya nchi hiyo kuingia vitani. Huko Buenos Aires akapanda mpiga picha, Frank Hurley wa Sydney, kijana ambaye hata miaka thelathini alikuwa hajatimiza lakini alikwisha kuionja baridi ya kusini katika msafara wa Douglas Mawson.

Desemba 5, 1914, waliaga kisiwa cha South Georgia. Katikati ya Januari 1915 barafu ya Bahari ya Weddell ikawafumbata. Walikuwa watu 28, mbwa wengi, na paka mmoja wa seremala. Kuanzia hapo Endurance haikusafiri tena, ilisafirishwa. Barafu ilitembea nayo kwa miezi tisa na zaidi, ikiizungusha polepole katika bahari ambayo haikuwa na maji ya kuonekana.

Hurley alikuwa mtu wa kazi. Kabla hawajanaswa alipanda juu ya mlingoti wa maji, akaielekeza kamera kwenye omo, akazungusha mkono wake huku meli ikiipasua barafu chini yake. Aliwapiga picha wenzake wakihangaika kukata barafu kwa misumeno mirefu na sururu ili kuifungulia meli njia. Katika baridi ya Agosti aliizunguka meli gizani na kuwasha unga wa kumulika sehemu ishirini hivi, akapata picha ambayo dunia inaijua mpaka leo: meli nyeupe kama mifupa, imesimama katika usiku usio na kitu.

Marehemu baba yangu alikuwa baharia wa jahazi. Alisafiri baina ya Tanga, Pemba na Mombasa, na sisi watoto wake tulijifunza majina ya viungo vya chombo kabla ya kujifunza kusoma. Alisema chombo kina mwili kama mwanadamu: mkuku ni uti wa mgongo, mataruma ni mbavu, na ngama ni tumbo. Ndiyo maana nilipoona kwenye filamu ile jinsi barafu inavyoibana meli mbavuni, nilijishika mbavu zangu mwenyewe. Na nilikumbuka methali aliyoipenda, kwamba chombo cha kuzama hakina usukani. Endurance ilithibitisha methali hiyo neno kwa neno. Barafu ilianza kuiua kutokea shetri, ikaupinda mhimili unaoshika usukani, maji yakaingia. Seremala Harry McNish alijenga ukuta wa ndani kuyazuia, watu wakapiga pampu usiku na mchana mpaka mikono ikakataa. Oktoba 27, 1915, Shackleton aliamuru kila mtu ateremke. Novemba 21 barafu ikafunguka, meli ikazama.

Baina ya tarehe hizo mbili ndipo lilipotokea jambo ninalotaka kulisema.

Shackleton aliwakusanya watu wake juu ya barafu akawaambia kwamba safari iliyobaki ni ya kurudi nyumbani wakiwa hai, na mzigo mzito ni adui. Kila mmoja aliruhusiwa kubeba ratili mbili tu za vitu vyake, kilo moja isiyotimia. Hakuwaamuru kisha akatazama, alianza yeye. Alitupa sarafu za dhahabu kwenye theluji. Akaiweka chini Biblia waliyopewa na Malkia Alexandra, akachana kurasa chache za kuondoka nazo. Lakini banjo ya Leonard Hussey, yenye uzito wa ratili 12, alisema ibebwe. Alijua kwamba gizani watu watauhitaji wimbo kuliko dhahabu.

Hurley naye alikuwa na mali yake. Mwaka mzima wa kazi, mamia ya picha katika vioo, ulikuwa umebaki ndani ya meli iliyokwisha kuvunjika, chini ya maji yaliyochanganyika na barafu. Mwanzoni mwa Novemba alirudi kwenye gofu lile, akatoboa ukuta wa mbao, akavua nguo za juu na kujitumbukiza katika maji yale. Akatoka na makopo yake. Yalikuwa yamefungwa kwa risasi ya kulehemu, na vioo vilikuwa salama.

Hapo ndipo mtu angetazamia hadithi iishe kwa furaha. Kumbe mtihani ulikuwa mbele. Kioo ni kizito, na mashua zilikuwa tatu kwa watu 28. Hurley na Shackleton wakaketi juu ya barafu, wakatazama kioo kimoja baada ya kingine. Walichagua 120 hivi. Vilivyobaki, karibu 400, Hurley alivivunja. Hakuviacha juu ya theluji kama mtu anayesema nitavirudia. Alivivunja palepale, ili moyo usipate njia ya kurudi nyuma. Akavifunga upya vilivyochaguliwa pamoja na filamu na albamu ya picha. Kamera zake kubwa aliziacha, akabaki na kamera ndogo ya mfukoni na rili tatu tu za filamu.

Niliposoma habari hiyo mara ya kwanza nilihisi uchungu, na kwa muda mrefu sikujua uchungu ule unatoka wapi. Vioo vya mtu nisiyemjua, vilivyovunjwa zaidi ya miaka mia moja iliyopita, vinanihusu nini? Kisha nikaelewa. Nilikuwa ninamwonea wivu.

Mama alipofariki, tulikutana Tanga kwa arobaini yake, ndugu wanne, katika nyumba ya Ngamiani tuliyozaliwa. Chumbani mwake kulikuwa na kasha, na ndani ya kasha maisha yetu yote: picha za studio zenye kingo za mawimbi, barua, vyeti, kitabu cha mahesabu cha baba, na kaseti ambazo mjomba alikuwa akizituma kutoka Muscat, amezungumza upande mmoja na kuacha upande wa pili tumjibu. Tulikaa sakafuni siku nzima. Kila tulichokishika mmoja wetu alisema, hiki hapana, hiki kina kumbukumbu. Dada yetu mkubwa alipendekeza tuchague, tugawane, kila mtu awe na vichache vya kutunza. Tukamwona kama mtu asiye na huruma. Mimi nilikuwa wa kwanza kumpinga. Nilisema kumchagua mama vipandevipande ni kumzika mara ya pili.

Basi tukakusanya vyote kwenye magunia matatu, tukavipeleka stoo kwa ndugu yetu mmoja, tukasema tutavishughulikia tukipata nafasi. Hakuna aliyepata nafasi. Masika mawili yalipita. Bati lilikuwa limetoboka mahali, na tulipofungua magunia picha zilikuwa zimeshikana na kuwa kitu kimoja, kama mkate uliolowa. Ukizibandua, sura zinabaki kwenye karatasi ya jirani. Kaseti zilikuwa zimeota ukungu. Barua mchwa walikuwa wamezisoma kabla yetu.

Hatukuchagua, mvua ikatuchagulia. Na mvua haikuwa na sababu ya kuchagua vizuri.

Kwa miaka nilijiambia kwamba lile lilikuwa kosa la bati. Hurley ndiye aliyenifumbua macho. Alivipenda vioo vyake kiasi cha kujitosa kwenye maji ya barafu kwa ajili yake, na kwa kuwa alivipenda, alikubali kuvunja vingi ili vichache vifike. Sisi tulidhani mapenzi ni kutoacha kitu. Kumbe kukataa kuchagua si mapenzi; ni woga uliovaa nguo za mapenzi. Anayesema vyote ni muhimu amejipa ruhusa ya kutobeba hata kimoja.

Lakini si kila kinachookolewa kinaokolewa kwa kuhifadhiwa. Kulikuwa na mchoraji katika msafara ule, George Marston, aliyekuwa na rangi zake za mafuta. Wakati wa kuzitengeneza mashua ulipofika, McNish alihitaji kitu cha kuzibia nyufa za mbao. Nyumbani kwetu fundi angepiga kalafati kwa pamba na mafuta. Kule fundi alitumia alichokipata, zikiwamo rangi za Marston na damu ya sili. Rangi zile ambazo zingekuwa picha zikaingia kwenye nyufa, zikazuia maji. Hakuna jumba la sanaa litakalozionyesha kamwe. Lakini kati ya kazi zote za mchoraji yule, sijui kama ipo iliyostahili kuliko hiyo. Kuna wakati unachokipenda kinahitajika kwa kazi nyingine, na ukikitoa hujakipoteza.

Aprili 9, 1916, barafu iliwaachia, wakaingia mashuani. Siku ya Aprili 15 walikanyaga kisiwa cha Elephant, ardhi yao ya kwanza baada ya miezi 16, kisiwa cha mawe na upepo kisichopitiwa na meli. Aprili 24 Shackleton na watu watano waliondoka na mashua iitwayo James Caird, yenye urefu wa mita 7 hivi, kwenda kutafuta msaada South Georgia, karibu kilomita 1,500 katika bahari chafu kuliko zote. McNish alikuwa amezipandisha mbavu za mashua hiyo na kuifunika juu kwa turubai na mbao za sleji. Nahodha Frank Worsley alipima jua kila lilipochungulia, na lilichungulia mara chache mno. Mei 10 walifika. Shackleton, Worsley na Tom Crean wakavuka milima ya kisiwa kwa miguu, saa 36 bila kulala, mpaka kituo cha wavuvi wa nyangumi cha Stromness. Mara tatu Shackleton alijaribu kuwarudia wenzake, mara tatu barafu ikamzuia. Mara ya nne, Agosti 30, 1916, meli ndogo ya Chile iitwayo Yelcho, chini ya nahodha Luis Pardo, iliwafikia. Wote 22 walikuwa hai.

Safari hiyo ya mashua ndiyo kilele cha habari yote, na haina hata hatua moja ya filamu. Kamera kubwa ilikuwa imeachwa barafuni, na Hurley mwenyewe alikuwa amebaki kisiwani na wengine, wakiishi chini ya mashua mbili zilizopinduliwa. Jambo kubwa kuliko yote lilitendeka pasipo macho ya kulishuhudia, isipokuwa ya waliolitenda. Siku hizi tumezoea kuamini kwamba kisichopigwa picha hakikuwapo. Namkumbuka mama aliyeamka saa kumi alfajiri miaka ishirini na zaidi kukanda unga wa maandazi yaliyotusomesha. Hakuna picha ya alfajiri hata moja.

Kuna picha iliyonifundisha jambo lingine, na hili ni chungu kidogo kwa mtu anayempenda Hurley. Siku James Caird ilipoondoka, Hurley aliwapiga picha wenzake wamesimama ufukweni wakipunga mikono. Ilikuwa mikono ya kuaga. Baadaye picha ileile ilirekebishwa, ikatolewa kwa watu kama picha ya siku ya kuokolewa. Mikono iliyokuwa ikisema kwaheri ikafanywa iseme karibuni. Ninaelewa kishawishi chake. Watu walitaka mwisho mwema, na mwisho mwema ulitokea kweli. Lakini ile kwaheri nayo ilikuwa kweli, na pengine ndiyo iliyokuwa na uzito zaidi: kumpungia mkono mtu ambaye hujui kama utamwona tena, kisha ukageuka kutafuta cha kupika. Anayechagua cha kubeba amekabidhiwa amana. Apunguze, lakini asigeuze.

Na kuchagua kunaacha watu nje. Husemwa mara nyingi kwamba Shackleton hakupoteza mtu. Ni kweli kwa waliokuwa Endurance. Lakini upande wa pili wa bara kulikuwa na kundi jingine lililotumwa kumwekea akiba ya chakula njiani, akiba ambayo hakuwahi kuifikia. Waliiweka, wakatimiza walichoagizwa, na watatu wakafa: Arnold Spencer-Smith, Aeneas Mackintosh na Victor Hayward. Na seremala McNish, ambaye mikono yake ndiyo iliyoifanya James Caird iweze kuelea, alikuwa amebishana na Shackleton barafuni, na nishani waliyopewa wengi wa wenzake yeye alinyimwa. Baba yangu angesikitika. Alizoea kusema kwamba nahodha husifiwa bandarini, fundi husifiwa na mawimbi.

Desemba 1919, katika ukumbi wa Philharmonic jijini London, filamu ile ilianza kuonyeshwa ikiwa na jina fupi, South. Shackleton alikuwa na madeni. Kwa miezi kadhaa alisimama jukwaani akiisimulia kwa mdomo wake huku picha zikipita nyuma yake. Fikiria: mtu analiona jahazi lake likizama leo, kesho, na keshokutwa, mbele ya watu waliolipa kiingilio. Alikufa Januari 1922, meli yake nyingine ikiwa imetia nanga South Georgia, akazikwa Grytviken tarehe 5 Machi.

Miaka mia kamili baada ya mazishi hayo, Machi 5, 2022, Endurance ilionekana tena. Meli ya Afrika Kusini, S.A. Agulhas II, ilikuwa imetoka Cape Town mwezi mmoja nyuma ikiwa na wataalamu na vyombo vya kusaka chini ya maji. Waliikuta kwenye kina cha mita 3,008, maili nne hivi kusini ya mahali alipopaandika Worsley. Siku ilipozama jua halikuonekana. Nahodha alikisia kwa vipimo vya siku za jirani, akaandika tarakimu chache kwenye daftari. Mstari mmoja wa tarakimu! Katika vyote walivyobeba kutoka barafuni, huo ndio uliokuwa mwepesi kuliko vyote, na ndio ulioirudisha meli baada ya zaidi ya karne.

Imesimama wima. Shetrini jina lake linasomeka herufi kwa herufi, na chini ya jina kuna nyota, kumbukumbu ya siku ilipoitwa Polaris. Mbao zake ni kama za juzi. Mafundi wa pwani yetu hupaka vyombo deheni, mchanganyiko wa chokaa na shahamu, ili wadudu wa baharini wasitoboe mbao. Wakizembea kidogo tu chombo huliwa kikiwa bado kinaelea. Antaktika haina miti, na kule wadudu wale hawakupata makazi. Baridi na giza vimeitunza. Mkataba wa Antaktika unailinda, kwa hiyo hakuna kilichoinuliwa wala kuguswa. Waliipiga picha, wakaondoka. Alivyofanya Hurley, nao wakafanya.

Hapo nilifunga kompyuta nikakaa kimya. Sisi tunaoishi kwenye joto hatuna barafu ya kututunzia. Kwetu kuna masika, mchwa, chumvi ya bahari na ukungu. Kwetu kitu kisichobebwa na mtu huliwa. Kinachobaki ni kile ambacho mkono fulani ulikichagua, ukakifuta vumbi, ukakikabidhi mkono mwingine pamoja na jina lake.

Nilimpigia dada yangu mkubwa, nikamwomba radhi kwa maneno niliyomwambia siku ya arobaini. Alikaa kimya kidogo, kisha akasema, "Nenda Pangani kwa mama mdogo. Mama alimpa picha moja kabla hajaugua."

Nilikwenda likizo ya Juni, pamoja na yule mtoto. Mama mdogo alitutolea bahasha kutoka chini ya godoro. Ndani yake alikuwamo baba, kijana, amesimama kwenye omo ya jahazi, mkono mmoja umeshika kamba na mwingine ameuweka juu ya macho kuzuia jua. Nilikuwa nimeamini kwamba picha hiyo imekufa ndani ya gunia. Kumbe mama alikuwa amekwisha kuchagua, bila kutuambia, wakati sisi tulipokuwa bado tunaona kuchagua ni ukatili.

Mtoto aliishika kwa ncha za vidole, akaitazama sana. Kisha akauliza swali lake.

"Bibi, aliyepiga picha hii alisimama wapi?"

"Majini," mama mdogo alijibu. "Ni bibi yako huyo. Aliazima kamera kwa Mgoa mmoja aliyekuwa jirani yetu. Maji yalikuwa yamemfika magotini, khanga ameipandisha, na babu yako anamkemea arudi nchi kavu asije akalowa. Hakurudi mpaka alipoipata."

Sikuwahi kujua. Miaka yote nilikuwa nimemtazama baba katika picha ile, na sikuwahi kufikiri kwamba mama naye yumo, upande ambao macho hayafiki, amesimama.

Tuliomba kalamu. Nyuma ya picha mtoto aliandika jina la babu yake, jina la jahazi, na mwaka kama mama mdogo alivyoukumbuka. Chini yake, kwa herufi kubwa za mkono ambao bado unajifunza, akaandika jina la bibi yake, na mbele ya jina: alisimama hapa.